Ngazi na sufuria: shajara ya watoto watano kwenye meza moja, Katuba, Lubumbashi

7 Agosti 2024

Nimefungua kaye mpya ya kurasa mia mbili kwa ajili ya mradi huu peke yake. Humu nitaandika nilichonunua, nilichorudisha na nilipokosea, maana nikitegemea kichwa changu, kufika Krismasi nitakuwa nimesahau nusu na kujidanganya nusu nyingine.

Mezani kutakuwa na watoto watano, watatu wangu na wawili wa mdogo wangu anayefanya kazi Likasi. Majina yao ya shule nayaacha. Mkubwa ni msichana wa miaka 12, anaingia mwaka wa sita, na husoma kila kitu hata karatasi iliyofungiwa karanga. Fundi ana miaka 10. Amekaa mwaka wa tatu mara mbili na bado hasomi, ila redio ya kambo (bibi yao) iliyokufa mwezi wa sita aliifungua, akaifuta, akaifunga, na sasa inaimba. Kyungu na Kabange ni mapasa wa miaka 7. Wamezaliwa siku moja, lakini ukiwawekea kitabu kimoja utadhani wametengana miaka miwili: Kyungu tayari anasoma maneno mafupi, Kabange hajui hata herufi zote, ingawa akitumwa dukani harudi na chenji pungufu hata siku moja. Wa mwisho ni Kadogo, miaka 4, asiyehitaji kitabu chochote na anayetaka vitabu vya wote.

Kwa nini nyumbani? Mwaka uliopita, darasani mwa mapasa nilihesabu watoto 93. Silaumu masomo ya bure yaliyoanza 2019. Bila hayo mdogo wangu asingeweza kumpeleka hata mmoja. Lakini mwalimu mmoja mbele ya watoto 93 anafundisha wale wa benchi ya mbele, na mapasa wangu walikaa nyuma. Kuhusu Fundi niliambiwa: "Mama, kichwa cha huyu ni kigumu, umutafutie kazi ya mikono." Shule za kulipia, minervali (karo) ya watoto watano kwa dola, hata tusile bukari mwaka mzima hatuifikii.

Mimi nilisoma pedagojia na nilifundisha miaka minne kabla ya kushika cherehani. Asubuhi nitafundisha, mchana wateja wa nguo. Direkta wa shule moja ya jirani amekubali Mkubwa abaki kwenye orodha yake ili afanye mtihani wa taifa wa mwisho wa shule ya msingi. Bajeti ya vitabu vya wote ni dola 70. Papa wa watoto, aliye Kolwezi kwa zamu ya mgodi, alisema kwa simu: "Sawa, lakini mwaka mmoja, tuone."

12 Agosti

Orodha ya kwanza imekufa leo. Nilikaa na rula nikachora meza: kila mtoto na darasa lake, kila darasa na vitabu vyake. Vikatoka vitabu kumi na saba. Hata kama pesa ingekuwepo, mdomo wangu ni mmoja.

Jioni nikachukua programu ya taifa niliyoihifadhi tangu nifundishe, nikaona kitu nilichokuwa nakisoma kila mwaka bila kukitumia. Miaka sita ya shule ya msingi imegawanywa kwa digri tatu: mwaka wa kwanza na wa pili pamoja, wa tatu na wa nne pamoja, wa tano na wa sita pamoja. Kumbe hata serikali haikuona lazima ya kukata kila mwaka kivyake.

Nimeandika maneno mawili juu ya ukurasa: NGAZI na SUFURIA. Ngazi ni kusoma na hesabu. Hapo kila mtoto anasimama kwenye kipandio chake, na ukimrusha kipandio anaanguka. Sufuria ni mengine yote, wanyama, mimea, nchi, mambo ya zamani, kuchora, nyimbo. Hapo wote wanakula chungu kimoja, kila mtu na ukubwa wa kijiko chake. Vitabu vya kununua ni vya ngazi tu. Sufuria nitaipika mwenyewe.

Vitabu kumi na saba vimekuwa sita.

20 Agosti

Siku mbili za miguu. Mjini, kwa wauza vitabu vya mtumba, nilipata vitabu vya hesabu kutoka Ufaransa, vizuri sana, rangi kila ukurasa, karatasi nzito. Nikafungua cha mwaka wa pili kwa bei ya kushawishi, nikakutana na *soixante-dix-sept*. Nikakifunga.

Wenye kutoka nje ya Kongo hawatanielewa haraka, basi niseme. Sisi Kifaransa chetu tulikipokea kwa Wabelgiji. Sabini kwetu ni *septante*, tisini ni *nonante*. Mfaransa anasema sitini-na-kumi, na tisini kwake ni nne-ishirini-na-kumi. Mtoto wa Katuba aliyezoea *septante*, ambamo anasikia saba waziwazi, unamwambia sasa saba ile haipo, ajumlishe kwanza sitini na kumi ndipo ajue namba gani inasemwa. Kwa jaribio nilipofika nyumbani nilimtajia Kabange *soixante-dix* aiandike. Akaandika 6010. Nilicheka, halafu nikaona kwamba yeye ndiye aliyeandika sawasawa alichosikia.

Kwa Mkubwa lakini nilinunua kimoja cha Kifaransa cha kusoma na maswali ya ufahamu, dola 4. Huko namba hazina shida.

Jirani anayefanya biashara ya Kasumbalesa aliniletea kutoka ng'ambo ya Zambia vitabu vitatu vya Kiingereza, zawadi. Asante yake kubwa, lakini lugha ya tatu mezani kabla ya mbili za kwanza hazijasimama, hapana. Nimeviweka juu ya kabati, na Kadogo ameshapata njia ya kuvifikia.

Tatu, na hapa ndipo nilipofurahi kupita kiasi: Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandaoni, vitabu vya kiada vya shule ya msingi vimewekwa humo bure. Hesabu yote kwa Kiswahili! Nikakesha na mega zangu za intaneti, nikashusha Hisabati ya madarasa ya chini, nikapeleka kwa fotokopi. Kurasa 186 kwa faranga 100 ni 18.600, karibu dola saba. Nilirudi na pakiti kifuani kama mtu aliyebeba mtoto.

2 Septemba

Siku ya kwanza, Jumatatu, siku moja na shule zote, ili majirani wasiseme watoto wamefukuzwa. Meza ya kukatia nguo imefutwa chaki. Saa moja na nusu tumeanza.

Saa mbili kasoro Hisabati ya Tanzania imegonga mwamba. Kyungu alisoma kwa kidole: i-shi-ri-ni. Akainua macho: "Mama, ishirini ni nini?"

Ni Kiswahili, mwanangu. "Ni Kiswahili ya wapi?"

Nilikuwa nimesahau. Mimi nimekutana na ishirini, thelathini na arobaini kwenye Biblia na kwenye redio. Watoto hawa wanasema makumi mbili, makumi tatu, makumi ine. Tisa kwao ni kenda, nane ni munane. Ukurasa uliofuata ulikuwa na swali la dukani: "Je, fedha zinatosha?" Kabange akasema ndiyo, zinatosha, akaondoa noti mezani. Kwetu *kutosha* ni kutoa. Kule ni kuenea. Swali moja, majibu mawili, na yote mawili yana akili.

Kurasa 186.

4 Septemba

Sikuzitupa. Nimempa Mkubwa kazi: apite kurasa zote, atoe kila neno lisilo la hapa, aliweke kwenye karatasi kubwa ya kukatia mitindo. Safu tatu, ya Tanzania, ya kwetu, ya Kifaransa. Leo karatasi iko ukutani.

Tulipokuwa tunaijaza safu ya kati ndipo niliona jambo lililonifanya nikae. Sema *makumi mbili na tatu*. Mtoto anasikia makumi ngapi? Mbili. Na juu yake? Tatu. Andika 2, andika 3. Namba imejieleza yenyewe. *Ishirini na tatu* haikuambii hivyo, *vingt-trois* haikuambii hivyo. Ile lugha tunayochekwa nayo na wageni wa pwani, kwamba sisi tumeharibu Kiswahili, kwa mtoto anayeanza hesabu inamwonyesha makumi na mamoja bila kufundishwa.

Nina vifungo vya nguo maelfu. Usiku nimetunga vifungo kumi-kumi kwenye uzi mgumu, nyuzi makumi mbili. Katika masomo ya pedagojia tulisimuliwa shanga za dhahabu za Maria Montessori, zilizofungwa kumi-kumi kwenye waya. Zangu ni za plastiki na rangi hazifanani, lakini kumi ni kumi. Kabange ameshika nyuzi mbili na vifungo vitatu, akasema "makumi mbili na tatu", akaandika 23. Nikampa *septante-sept*. Akafikiri, akachukua nyuzi saba.

Uamuzi wa hesabu, digri ya kwanza: mazungumzo kwa Kiswahili chetu, vifungo mkononi, mazoezi kutoka kurasa za Tanzania kwa sababu yamepangwa vizuri, polepole, jambo moja kila ukurasa. Maneno ya sanifu yatajifunzwa kama majina ya pili.

16 Septemba

Fundi. Nimemwahirisha wiki mbili kwa sababu namwogopa. Yeye hana tatizo. Ninaogopa kuwa mtu wa nne kushindwa naye.

Jaribio la vidole ni la kawaida: mpe mtoto ukurasa, kila neno linalomkwama kunja kidole. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kwisha, kitabu ni kigumu. Kwa kitabu cha mwaka wa tatu vidole viliisha mstari wa kwanza. Cha mwaka wa pili, mstari wa pili. Cha mwaka wa kwanza alikataa kukigusa, kina picha ya bata amevaa kofia. Ana miaka 10, na mapasa wanamtazama.

Hiyo ndiyo shida ambayo hakuna kitabu kilichoiandika kwenye jalada. Vitabu vya kipandio chake vimetungwa kwa umri usio wake.

Nikamwuliza: redio ya kambo ulifanyaje? Akaniambia yote, dakika kumi, mikono hewani. Nikaandika sentensi nne za maneno yake mwenyewe, kwa herufi kubwa, kama alivyosema: *Redio ilikuwa imekufa. Nilifungua mugongo yake. Ndani kulikuwa vumbi. Nilipangusa waya na biki.* Hakuzisoma. Lakini alipoona neno *waya* alilitambua, akalitafuta kwenye sentensi nyingine. Njia hii, ya maandishi ya mtoto mwenyewe kuwa kitabu chake, Mfaransa Célestin Freinet aliijenga karne iliyopita, hadi akawapa wanafunzi wake mashine ya kuchapa darasani. Mimi nina biki nyeusi.

23 Septemba

Kwa Fundi tumeacha Kifaransa kabisa kwenye kusoma, hadi nitakapoona vinginevyo. Papa wa watoto hakufurahi. "Mtihani ni wa Kifaransa." Ni kweli. Lakini tangu mwaka wa kwanza shule yake ilimwanzisha kwa Kifaransa moja kwa moja, ingawa programu inataka lugha ya taifa kwanza katika digri ya mwanzo, na Katanga lugha hiyo ni Kiswahili. Kifaransa kina sauti *o* moja inayoandikwa *o*, *au*, *eau*, na herufi za mwisho ambazo hazisemwi. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja inasema kitu kilekile asubuhi na jioni. Ma ni ma. Mtoto ambaye herufi zinamchezea machoni, wa kumwongezea mitego wa nini?

Nimenunua msasa, karatasi tatu, kwenye soko la Kenya, komini ya hapa Lubumbashi, kwa mwuza vifaa vya seremala. Nimekata herufi, nimezigandisha kwenye kadi za boksi. Anazifuata kwa kidole huku anasema sauti. *b* na *d* zilikuwa zinabadilishana nafasi kwake kila siku. Sasa anafumba macho, anapapasa, anasema. Kabange naye amejiunga bila kuitwa, kwa kuwa kazi hii inachafua vidole. Hivyo Fundi hafanyi "kazi ya watoto wadogo". Yeye ndiye aliyekata herufi kumi na mbili za mwisho na mkasi wangu wa kitambaa, ambao sasa haukati kitambaa.

14 Oktoba

Joto. Jakaranda za mjini zimechanua na vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye bobini. Tumehamisha meza chini ya mti wa maembe, saa moja hadi saa nne.

Kompyuta ya zamani ya mdogo wangu imefika kutoka Likasi. Nimeweka GCompris, programu ya bure ya michezo ya kujifunza kwa watoto wa miaka 2 hadi 10, haihitaji intaneti. Kadogo anajifunza kushika panya, mapasa wanafanya hesabu, na Fundi amegundua sehemu za saketi za umeme. Nimeweka pia Kiwix pamoja na Vikidia nzima, ensaiklopidia ya Kifaransa ya watoto wa miaka 8 hadi 13. Hiyo ni ya Mkubwa. Alipoona inafunguka bila mega, alisoma hadi betri ikafa.

Betri ndiyo sheria ya nyumba hii. Delestaji (mgao wa umeme) ya wiki hii: umeme unarudi saa tano usiku na kuondoka alfajiri. Kifaa chochote kinachohitaji umeme nimekiandika upande wa "asante ukipatikana". Sitajenga somo juu yake.

Katuni za Ubongo Kids, za Dar es Salaam, hesabu na sayansi kwa Kiswahili, zimenishangaza upande mwingine. Yale maneno ya Tanzania yaliyokwama kwenye karatasi, kwenye wimbo yameingia kama maji. Kyungu anaimba hamsini, sitini, sabini akifua soksi. Basi sanifu iingie kwa sikio kwanza, kitabu kifuate. Ningejua Agosti ningeanza na katuni, ningechapisha kurasa arobaini tu.

11 Novemba

Mvua ya kwanza kubwa ilipiga Ijumaa. Jumamosi jioni kumbikumbi walijaa kwenye taa ya jirani mwenye jenereta, watoto wote wa avenyu na mabeseni. Nikaona sufuria ya wiki mbili imejileta yenyewe.

Walimu wa Kongo tumelelewa kwa Ovide Decroly hata wasiomjua kwa jina, yule daktari Mbelgiji aliyefungua shule yake Brussels 1907. Alisema uchague kitu kimoja cha maisha ya mtoto, watoto wakitazame, wakifananishe, kisha wakieleze kwa mkono, mdomo au kalamu. Kwetu mashuleni ilikauka ikawa orodha ya "mada za juma" za kunakiliwa ubaoni. Lakini kwa meza ya miaka 4 hadi 12 sijaona njia bora.

Tulikwenda kwenye kichuguu kikubwa nyuma ya uwanja wa mpira, kimoja cha vile vya Katanga vinavyopita urefu wa nyumba. Mapasa walikizunguka na utepe wangu wa kupimia nguo, wakaunganisha: mita 31. Fundi alitaka kujua hewa inaingia wapi, akachora matundu na kuandika majina, maneno sita, kosa moja. Mkubwa alisoma Vikidia juu ya malkia na askari, akatusomea kwa Kifaransa, akatufasiria. Kadogo alijaza kopo udongo. Pale pale jamaa wawili walikuwa wanachimba upande wa pili kwa ajili ya matofali, kwa sababu udongo wa kichuguu hushikana vizuri, wakatuuliza tunalipwa na nani kupima. Kambo alipikia kumbikumbi chumvi. Somo likaliwa.

Gharama ya vitabu kwa wiki hizo mbili: sifuri.

2 Desemba

Kukagua mifuko. Nimetumia dola 41. Vilivyotumika kila siku: vifungo, msasa, kurasa za Tanzania (sasa kama nusu yake), kitabu cha ufahamu cha Mkubwa, kaye za Fundi. Vilivyolala: atlasi niliyoinunua kwa ajili ya uzuri wake, na kitabu cha mwandiko cha dola 3 ambacho Kyungu alikimaliza siku mbili kwa kuwa tayari anajua na Kabange hakufungua kwa kuwa hajui. Kitabu cha katikati kabisa, kisichomfaa yeyote.

Hadithi za bure za African Storybook zinasaidia, maana leseni yake inaruhusu kubadilisha maneno. Nimechukua tatu fupi za Kiswahili, nikageuza maneno kumi hivi yawe ya kwetu, nikakunja karatasi na kuzishona mgongoni kwa cherehani. Vitabu vya kushonwa havichaniki, nashauri mtu yeyote mwenye Singer. Kabange amesoma cha kwanza chote tarehe 28 Novemba. Alikuwa anakijua kwa moyo, nadhani. Nikamfunika picha, akasoma tena.

17 Desemba

Makumbusho ya Taifa mjini, wote watano kwenye basi moja. Nilitaka waone misalaba ya shaba, ile iliyokuwa pesa hapa kabla ya faranga yoyote. Mada ya shaba inakuja Januari: mji ulioanzishwa 1910 kwa ajili yake, kiwanda kilichomwaga shaba ya kwanza 1911, na papa wao anayelala juu yake huko Kolwezi. Kabange aliuliza msalaba mmoja ungenunua kuku wangapi. Mlinzi akaanza kubishana naye kwa dhati kabisa.

20 Januari 2025

Mkubwa amelia leo, na kosa ni langu.

Nilimwambia asomee mapasa wakati namalizia gauni la mteja. Akafunga kitabu: "Mama, mimi ni mwanafunzi ao mwalimu?" Nikarudi kwenye kaye hii, nikahesabu. Mwezi wa kumi na moja alifasiri, mwezi wa tisa alitengeneza karatasi ya maneno, kila siku anamsikiliza Kabange. Ngazi yake mwenyewe nimeitazama Jumatano tu. Mwenye nguvu nilimgeuza kuwa kifaa, nikakiita ushirikiano.

Na mtihani ni mwishoni mwa mwaka: Kifaransa, hesabu, maarifa ya jumla, maswali ya kuchagua jibu. Vijitabu vya maswali ya miaka iliyopita vinauzwa fotokopi, faranga 5.000. Nilivikwepa kwa kiburi cha pedagojia. Nimenunua viwili leo. Kuanzia sasa saa moja ya kwanza ya asubuhi ni yake, mlango umefungwa, wengine na kambo uani. Mteja wa gauni atangoja.

Nilipoketi naye nikagundua sehemu (nusu, robo, theluthi) hazijasimama. Alikuwa anajibu sawa kwa kukariri. Miezi minne mezani pangu sikuona.

3 Februari

Kambo, aliyesema Septemba kwamba watoto wanaokaa nyumbani ni watoto wasio na wazazi, sasa anaamka saa kumi na mbili kutandika mkeka. Anasimulia, Fundi anarekodi kwa simu, kisha anasikiliza sentensi moja, anasimamisha, anaandika. Polepole mno. Mistari mitatu asubuhi nzima. Lakini hakosei sana tena. Tatizo lake sasa ni mwendo. Nimeacha kumwambia "haraka".

Jana nilimpa ukurasa wa Kifaransa kwa mara ya kwanza tangu Septemba: karatasi ya maelekezo ya chaja ya betri ya sola, aliyoiomba mwenyewe. Vidole vinne. Kwa kidole cha tano alisema neno *fusible*, ambalo mimi sikulijua. Alilijua kwa kukiona kitu chenyewe.

17 Machi

Dola 58. Zimebaki 12, na nina maombi matatu mezani. Mkubwa anataka kamusi ya Kifaransa, ya kwake, isiyoshikwa na mwingine. Fundi hataki kitabu, anataka waya wa risasi wa kulehemu na koleo. Kyungu amemaliza vijitabu vyote nilivyoshona na ananifuata jikoni na cha Kabange.

Papa wa watoto alirudi Jumamosi. Alimketisha Fundi, akampa simu yenye ujumbe wa kazi, wa Kiswahili, amsomee. Akasoma. Ujumbe ulikuwa wa msimamizi kuhusu zamu ya usiku, hauna maana kwa mtoto. Baba akasema "tena", akasoma tena. Kisha akatoka nje kuangalia tairi ya pikipiki ambayo haikuwa na shida.

Kesho naenda mjini kwa wale wa mtumba kutafuta kamusi. Koleo nitaulizia njiani, kwa fundi wa redio. Vitabu vitatu vya Zambia vimebaki viwili. Jalada la kimoja nimelikuta ndani ya kiota cha kuku wa Kadogo, kuku kalilalia.